Kadi Nyekundu ya Bibi Eulalie

Opelousas, 18 Aprili

Mtoto wangu Kendrell,

Hujambo? Unakula? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua kila likinusa mvua. Jumatatu nilipika maharage mekundu na wali, nikakupakulia sahani yako kwa mazoea, kisha nikaila mwenyewe. Sasa gauni la kanisani halifungi.

Nasikia wakili wako anataka ukiri kosa. Tulia kwanza. Bunge la jimbo lina muswada: mwenye miaka kumi na saba apelekwe mahakama ya watoto, asifungwe na watu wazima. Ukipita, utawafaa hata wale ambao kesi zao hazijasikilizwa, kama wewe. Lakini ukishatia saini, mlango umejifungia mwenyewe. Siku kumi kutoka leo naenda bungeni Baton Rouge na basi la kanisa, nikawaambie wabunge neno.

Bibi yako,
Eulalie


Jela ya wilaya, 25 Aprili

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima. Chakula ni kilekile, hakina chumvi wala aibu. Naomba kitu kimoja: usiandike "mtoto wangu" juu ya bahasha. Mlinzi anasoma kwa sauti akigawa barua, na selo nzima inanicheka. Humu mtoto haishi, Bibi. Nimejifunza kulala nimegeukia mlango.

Wakili anasema nikikiri kwamba nilijua gari la binamu Tavon ni la wizi, natoka mapema. Nitabaki na doa maisha yangu yote, lakini nitakuwa nje. Kusema kweli nimechoka. Ijumaa ijayo analeta karatasi. Wabunge hawanijui, usiliumize goti bure.

Mjukuu wako,
Kendrell, mwanamume kamili


Opelousas, 30 Aprili

Kwa mwanamume kamili,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na bado hujashika kalamu. Mimi nimejiaibisha mbele ya jimbo zima.

Mlangoni pa kamati unachukua kadi, unaandika jina, unasubiri kuitwa. Kuna za kijani na nyekundu. Unajua kanisani kwetu nyekundu ni ya maombi ya mwenye shida kubwa, mchungaji huisoma kwanza. Nikachukua nyekundu. Kumbe kule ni ya wanaopinga. Wenye kijani walikuwa wengi, muda wao ukaisha hata nusu hawajasema. Nikaitwa mimi, nikaketishwa katikati ya masherifu, wakuu wa polisi waliokuja kuupinga.

Mwenyekiti akauliza, "Mama, unaupinga muswada kwa nini?"

"Nani anapinga? Nimekuja kumwombea mjukuu wangu."

"Kadi yako ni nyekundu, mama."

"Basi napinga alale na wanaume wenye umri wa babu yake. Andika hilo."

Watu wakaangua kicheko, nikatamani ardhi inimeze. Lakini nilikuwa nimeshakaa na kipaza sauti ni changu. Nikawaeleza kwamba ulipanda gari ukidhani binamu yako kalinunua, na kwamba bado unaogopa radi. Sherifu wa kulia kwangu akanisogezea maji yake. Kamati ikaupitisha. Limebaki bunge zima, kisha gavana.

Usitie saini, mtoto wangu. Nimeliandika humu ndani, si kwenye bahasha.

Bibi yako,
Eulalie


Opelousas, 16 Mei

Kendrell,

U mzima? Ijumaa imepita na nyingine imepita, sijaona barua yako. Kama umetia saini, niambie tu. Sitakugombeza. Nitakupikia vilevile.

Bibi yako


Jela ya wilaya, 20 Mei

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kimya. Niliogopa kukupa matumaini, halafu muswada uanguke.

Sikutia saini. Siku moja kabla wakili hajaja, tulikuwa tunatazama habari, ukatokea wewe na kofia yako ya zambarau katikati ya masherifu. Selo ikacheka mpaka ulipofika kwenye radi. Mimi nilitaka kuingia chini ya kitanda.

Alcide, mzee wa selo yetu, akaniuliza, "Huyo bibi ni wako?"

"Wangu."

"Kesho ukitia saini, usije kukaa kwenye meza yangu."

Wakili akaondoka na karatasi zake kama alivyozileta.

Mjukuu wako,
Kendrell


Kituo cha watoto, 9 Agosti

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limetulia. Basi, saini ametia gavana, si mimi.

Nimehamishwa juzi. Nina chumba changu, na asubuhi tunasoma. Hesabu zinanitoa jasho. Hakimu alifungua jalada akasema, "Kesi ya mtoto Kendrell." Nilitaka kumsahihisha, mdomo ukakataa. Amesema nitasubiria kesi nyumbani kwako, kuanzia mwisho wa mwezi huu. Anza kupika.

Jana radi ilipiga sana hapa. Nililala nimegeukia ukuta.

Bahasha ijayo andika upendavyo.

Mtoto wako,
Kendrell