Sekunde Sita za Majigambo ya Atieno

Homa Bay, Jumatatu

Kaka Omondi,

Natumaini ule mguu uliodungwa na ndoana umepona, na watoto hawajambo. Mimi mzima. Umenifungia simu, basi nakuandikia, karatasi haizimwi.

Unawaambia watu nimeuza Karungu, ufuo wetu, kwa redio. Sikiza hesabu yangu. Niliingia kituo hiki kufagia. Nimefagia miaka minne, wa tano nikajifunza kukata sauti, na hakuna aliyenishika mkono, wewe ukiwemo. Nilipopewa podikasti, nikataka mama wauza samaki waongee wenyewe. Atieno, yule mjane jirani yetu, akaongea dakika kumi na nne: vile nyinyi wenye boti mnataka kulala na mwanamke kwanza ndipo apate samaki. Tulikubaliana jina lake lisitoke. Nililikata mara tisa.

Lakini unatujua. Mwanamke wa kwetu hashiki maikrofoni bila kujisifu kwanza. Akaanza: "Mimi niliyezika mume Jumamosi, Jumatatu nikabeba karai! Wa kuniweza hajazaliwa!" Nikayapenda yale maneno, nikayaacha. Sekunde sita. Nilitoa jina nikaacha sifa, na sifa hiyo ufuo mzima umeisikia kila matanga anapojisifu, wakamjua ni yeye. Kosa ni langu, sikatai.

Kipindi kikapita simu hadi simu, na kesho yake boti kumi na moja zikamnyima samaki. Leo ni siku ya ishirini na mbili. Wewe nawe, naambiwa ulimwaga samaki waliobaki ziwani akiona, ukamwambia, "Mama redio, kaanga hiyo sauti yako ule." Watu wakacheka. Watoto wake watano hawakucheka.

Sasa umetuma neno niombe msamaha hewani, niseme Atieno alidanganya, ndipo mumuuzie. Nikampigia Atieno nimuulize, maana anayelala njaa ni yeye, si mimi.

Akasema, "Mwanangu, samaki wameshaninyima. Hiyo jina mnaficha ya nini tena? Toa yote. Na majina yao pia toa."

Amenipa orodha. Mkubwa wangu kituoni amekubali, na Atieno ataisoma mwenyewe, boti moja moja na jina la mwenye boti.

Msalimie wifi yangu, mkeo. Kwake sina neno baya. Baba mdogo mwambie dawa yake nimepata. Na Alhamisi saa moja jioni, mzimie mama redio sauti, ukiweza. Boti yako ndiyo ya kwanza kwenye orodha.

Dada yako, tumbo moja,
Akinyi