Kopo la Unga na Kijiko Chake

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Dilala, Kolwezi, tarehe 25 Machi 2024
Jina: Ndaya Mignonne. Umri: miaka 31. Kazi: muuza makala (makaa ya kupikia). Makazi: Dilala.

Nimekuja kwa hiari yangu kwa sababu ya Kabongo, mnayemshikilia hapa. Shemeji yangu Beya anasema Kabongo alimpa mume wangu Gradi sumu. Mimi nasema nilichokiona.

Gradi alikuwa mchimbaji wa madini upande wa mgodi wa Mashamba. Alipandisha magunia kutoka shimoni. Mwezi wa Januari malaria ilimkondesha, wenzake wakamtania: "Mukubwa, sasa gunia njo itakubeba weye." Kabongo, anayeuza vitu vya vijana wanaonyanyua vyuma, akamletea kopo la unga wa protini. Alimwonyesha kijiko: kimoja asubuhi, na maji mengi. Nilikuwapo, nikichagua maharagwe.

Gradi alizidisha. Aliutia kwenye uji, kwenye munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mwishowe akaulamba ukiwa mkavu. Kopo likiisha alinunua lingine. Mikono ilijaa. Siku moja aliniinua pamoja na mfuko wangu wa makala, tukacheka.

Lakini maji hakunywa. Kwa wachimbaji kukojoa shimoni ni mwiko, wanasema madini yatakimbia. Na kupanda juu ni kupoteza zamu. Basi hushuka na koo kavu. Kabongo alimwambia mbele yangu, "Tata, kunywa mayi, utakauka sawa samaki ya Nzilo." Gradi akamjibu, "Mayi ni ya batoto."

Mnamo tarehe 14 Machi, saa moja asubuhi, uso wake ulikuwa umevimba na viatu havikuingia. Mkojo ulikuwa kidogo, rangi ya chai kali. Hospitalini daktari aliuliza anakula nini. Nikampa kopo. Akasema, "Mama, hii si sumu. Pengine figo ziliumia tangu malaria. Unga mwingi hivi, bila maji, umezilemea."

Gradi alifariki tarehe 19, saa tisa alasiri. Siku zake za mwisho, mkono ule ulioniinua haukuweza tena kushika kikombe.

Beya anamlilia ndugu yake, nami namlilia. Kumfunga Kabongo hakutampandisha Gradi kutoka kaburini.

Kopo nimelileta. Kijiko chake naomba nirudishiwe. Mtoto wetu Princesse anakitumia kumpakulia mdoli wake bukari, ugali wa udongo.

Sina zaidi ya hayo. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema.

(Sahihi) Ndaya Mignonne

Ofisa Stanislas Muteba: Kopo limebaki kituoni. Cheti cha daktari kimeombwa. Kabongo anangoja kifike. Kijiko shahidi ameondoka nacho.