Ile Difu Niliyoichomelea

Gereji ya Wasike,
Njoro.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa dadangu Nanyama,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini u mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepata nafuu. Nasikia joto la huko Doha mwezi huu halina huruma. Kunywa maji, na usijiue kwa kazi za watu. Sisi huku tuko. Mama anameza dawa zake za presha, ingawa tangu mazishi hali chakula vizuri. Watoto wako, Bravin na Edinah, bado wako hapa kwangu, na Truphosa mke wangu anawatunza pamoja na wetu bila ubaguzi. Edinah ameng'oka jino la mbele na anajivunia pengo lake.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia na simu zipo. Dadangu, nimekupigia mara nyingi tangu mumeo Peterson atutoke, na kila nikisikia sauti yako naanza kukueleza habari za mvua. Ndiyo maana nimeandika. Barua nimempa Cheruto, binti wa jirani yetu, ambaye anarudi kazini huko Jumanne. Nimemwomba akupe mkononi na akae nawe mpaka umalize kuisoma.

Siku ya mazishi, ulipokuwa umenyimwa ruhusa ya kuja, uliniuliza kwenye simu, "Kaka, niambie ukweli. Alikuwa amekunywa?" Nikakujibu kwamba sijui.

Nilijua. Mume wako hakuwa amekunywa. Tangu ulipoondoka miaka mitatu iliyopita hakuonja pombe, hata Krismasi. Kilichomuua ni kazi ya mikono yangu, na nitakueleza yote ilivyokuwa.

Unajua Peterson alikuwa akiendesha ile pikapu kuukuu ya Mzee Kibii wa Keringet, akikusanya maziwa kwa wakulima na kuyapeleka kwenye mtambo wa kupozea. Mwaka huu mvua ilianza vibaya. Barabara za kule juu ziligeuka uji. Mwanzoni mwa Aprili gari ilikwama siku mbili mfululizo, na wakulima wakamwaga maziwa kwenye mtaro huku wakimtazama. Mmoja alimwambia usoni kwamba dereva wa maana hawezi kushindwa na matope. Jambo hilo lilimuuma sana.

Akaja kwangu na Mzee Kibii. Mzee ndiye aliyesema, "Nimesikia ukichomelea difu, gari haikwami tena." Nilijua habari hiyo. Difu ni ule mviringo wa chuma ulio katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gia ndogo zinazoruhusu kila tairi izunguke kwa mwendo wake. Kwenye matope hilo ni balaa, kwa sababu tairi iliyokosa pa kushika inazunguka bure na ile nyingine inasimama. Ukizichomelea zile gia zikawa kitu kimoja, tairi zote mbili zinasukuma pamoja, na gari inatoka.

Lakini kwenye lami mambo ni mengine. Ukikata kona, tairi ya nje ina safari ndefu kuliko ya ndani. Difu iliyochomelewa haijui hilo. Tairi zinapigana, na gari inataka kwenda mbele tu. Lami ikiwa na maji, inaweza kukataa usukani kabisa.

Nilijua hayo yote, Nanyama. Nilijua na nikawasha mashine. Niliifanya kazi hiyo asubuhi moja, na nilipomaliza niliiona ni nzuri. Nilimwambia Peterson, "Shemeji, hii sasa ni gari ya matope. Lami usiikanyage nayo." Akacheka, akanipiga begani. "Na lami nitaitoa wapi kule Keringet?"

Kwa wiki mbili alikuwa mtu mwenye furaha. Alipita mahali ambapo hata trekta zilikuwa zinaogopa. Wakulima walianza kumwita Injinia. Alinipigia simu akiwa katikati ya shamba la viazi la mtu ili tu nisikie injini inavyovuta.

Kisha ule mtambo wa kupozea ukaharibika, na maziwa yakawa yanapelekwa Molo, kwa lami. Hakuniambia. Nilikuja kujua mwenyewe siku alipofika hapa gereji kubadilisha oili. Nilisikia tairi za nyuma zikilia alipokuwa anakunja kuingia getini. Nilipoinama kuzitazama, zilikuwa zimelika kana kwamba zimepigwa tupa. Nikamuuliza. Akasema, "Ni siku chache tu, kaka, mtambo ukitengenezwa narudi matopeni. Naenda polepole."

Hapo ndipo nilipopaswa kumnyang'anya funguo. Ningefungua ile difu siku hiyo hiyo, gari ikae juu ya mawe mpaka nipate gia nyingine. Nilikuwa na kazi za watu watatu uani wakinisubiri. Nilimwambia, "Wiki ijayo uniletee tuitoe." Tukanywa chai, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja, nami sikumtafuta.

Tarehe tatu Mei, saa tisa mchana, mvua ikinyesha, alikuwa anatoka Molo na mikebe mitupu. Mzee Kibii alikuwa ameketi kando yake. Kuna kona pale kwenye mteremko kabla ya daraja dogo. Gari haikuifuata ile kona. Ilitoka barabarani, ikagonga ukingo wa daraja upande wa dereva. Peterson alikufa pale pale. Mzee alivunjika nyonga.

Nilimtembelea Mzee hospitalini kesho yake. Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Wasike, hakuwa mbio. Alikata usukani, gari ikakataa. Alikata tena. Akasema 'Mzee, shika,' basi." Akalia. Halafu alipojifuta uso akaniambia, "Lakini hiyo ya difu tuinyamazie. Marehemu hafungwi. Wewe na mimi tunaweza kufungwa."

Nikakubali. Sikubishana naye hata kidogo. Mzee akaandikisha kwa polisi kwamba dereva alikuwa akienda kwa kasi na kwamba huenda alikuwa amelewa. Neno hilo "huenda" lilipofika sokoni lilikuwa limeshakufa. Pale kaburini nilisikia watu wawili wakisema mke yuko Uarabuni anatafuta riziki, na mume huku anakunywa. Nilikuwa nimeshika koleo. Nikaendelea kufukia.

Nawe ukaniambia kwenye simu kwamba amekuachia aibu, na kwamba hutaki picha yake ukutani. Nikakusikiliza mpaka mwisho, nikakuambia ulale salama.

Jumapili mbili zilizopita Edinah alitoka kanisani akanijia uani. "Mjomba," akasema, "ni kweli walevi hawaingii mbinguni?" Nilimuuliza nani amemwambia hivyo. Akasema mwalimu wao, lakini hakuwa anasema juu ya Baba, ni yeye Edinah tu aliyekuwa anauliza. Nilimwambia akaombe chai kwa Truphosa, nikaingia ndani ya gari la mtu nililokuwa nalitengeneza na kufunga mlango.

Jumatatu yake nilibeba spana zangu nikaenda kituo cha polisi ambako ile pikapu ilivutwa. Afisa anayeshughulikia kesi ni mama mmoja anayeitwa Chepkurui. Nilimwomba aje na tochi. Nililala chini ya gari, nikafungua kifuniko cha difu mbele yake, nikamwonyesha. Akainama, akamulika kwa muda mrefu.

"Nani alifanya hivi?"

"Ni mimi, madam."

"Na dereva?"

"Dereva hakuwa mlevi. Mzee Kibii anajua pia."

Akaniuliza kama naelewa ninachosema. Nikamwambia naelewa. Niliandika taarifa yangu kurasa nne, nikaweka sahihi kila ukurasa. Mzee Kibii naye aliitwa, akakiri kwamba maneno yake ya kwanza hayakuwa kweli. Hanisalimii tena. Alhamisi hii nitafikishwa kortini Molo, na sijui nitarudi nyumbani au la. Truphosa anajua yote. Watoto wako hawatahangaika, ndugu zake Truphosa wameahidi kusaidia.

Kabla ya siku hiyo ya korti nilikuwa na safari moja nyingine, ya kwenda Bahati kwa mama mkwe wako, Mama Njoki. Nilimkuta nje akichambua maharagwe. Nilisimama, sikukubali kiti mpaka nimalize. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe. Hakulia, wala hakunifukuza. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, halafu ndipo aliponitazama.

"Nilimzika mwanangu nikiona haya, Wasike," akasema. "Watu walipokuja kunipa mkono nilikuwa naangalia chini. Mchungaji alipotaka kumsifu nilimwambia afupishe. Ungeniambia kabla ya siku ile, ningemlilia vizuri."

Basi. Aliinuka akaingia ndani na ungo wake. Nilisubiri hapo nje hadi nikaelewa kwamba hatatoka tena.

Dadangu, sikuombi unisamehe, maana sijui neno hilo nilipake gundi gani ili likae. Nakuomba jambo moja tu. Wewe hukuwepo siku ile, kwa hivyo bado hujamzika. Mlilie mume wako vizuri. Alikuwa kazini, akiwa na akili zake timamu, na neno lake la mwisho lilikuwa la kumhurumia mtu aliyeketi kando yake.

Mama anakusalimu sana. Yeye nilimwambia jana, na amelala kitandani tangu hapo. Truphosa anakusalimu. Edinah anakuomba umtumie picha ukiwa unacheka, na Bravin anasema amekuwa wa tatu darasani. Msalimie Cheruto, na umshukuru kwa kukaa nawe.

Mungu akushike mkono pale ambapo mimi nimeuachilia.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata usiponijibu,

Wasike