Nilimlilia Baba kwa Jirani

Lubumbashi, Bel-Air

Yaya Filomena, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama. Je, miguu yake bado inavimba? Analala? Mimi nikikwambia ni mzima, ujue ni mwili tu, moyo umechoka.

Yaya, mliponipigia simu kwamba baba amefariki, nilikuwa Kasumbalesa nikihangaika na forodha, malori ya wateja wetu yamekwama mpakani. Nikamwendea chef, mkubwa wangu wa kazi, kuomba ruhusa ya kuja huko Kongolo kumzika. Alinijibu bila kuinua macho: "Papa yako alisha kufa, hana haraka tena. Camions njo ziko na haraka." Nikarudi kwenye foleni ya malori. Hasira ile bado ninayo, sikufichi.

Tangu hapo kazi imenishinda. Simu ikilia, naipokea kwa shida. Dereva anapiga kelele, mteja anatukana, nami natabasamu kama mjinga. Muuguzi alinipima presha akatikisa kichwa: "Tension iko juu. Upumzike, usiwaze sana." Nisiwaze! Wenzangu wanamalizia mawazo yao kwenye chupa, wengine kwenye maombi. Mimi machozi yalikataa kutoka, hata kanisani.

Jumamosi moja, natoka kazini, nikakuta turubai limefunga barabara yetu. Ni kilio, msiba wa mzee mmoja, jirani ambaye tulikuwa tunasalimiana tu. Nikaketi kidogo kwa heshima. Wanawake wakaanza kuimba, na mimi nikapasuka, yaya. Nililia mpaka shati likalowa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kwenye kilio, anayelia yuko kazini kwake. Nikapata usingizi wa kweli. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa pia.

Kumbe walikuwa wananitazama. Wazee wa familia wakaniita pembeni, mjane akiwa kati yao, uso umemkauka.

"Kijana, usituogope," mmoja akasema. "Sema kweli. Marehemu alikuzala na mama gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Machozi yangu yalikuwa yamempa marehemu mtoto wa nje! Aibu ilinishika. Nikawaeleza yote: baba, chef, malori. Mzee mmoja akacheka kidogo. Mjane hakucheka.

"Niko nachukia bwana yangu juu ya machozi yako," akaniambia. "Muntu mwenyewe asha kufa, hawezi kujitetea. Na kule kwenu, nani iko analia pa nafasi yako?"

Nikaomba msamaha, nikaondoka, sikurudi tena. Usingizi nao umenitoroka.

Nimeomba ruhusa nyingine, kwa siku ya kumaliza kilio cha baba. Chef anasema tutaona. Safari hii simngojei. Nitapanda treni ya kwanza nitakayoipata, kazi ikiisha na iishe.

Nisalimie mama sana, shemeji yangu fundi baiskeli, shangazi anayefagia kaburi, na wajomba wa ng'ambo ya mto. Uwaambie sikumsahau baba.

Lakini treni zetu unazijua, baba mwenyewe alizifanyia kazi mpaka uzee. Nikifika nimechelewa, turubai limeshakunjwa na watu wameondoka, usinipikie, usinipe pole. Niwekee kiti uani, pale alipokuwa anakaa, kisha uniache nimlilie yeye.

Mdogo wako anayekupenda,
Placide