Utepe wa Leso Nyekundu

Mpendwa Mama,

Kwa miaka mingi nimejiuliza swali moja: uliponiambia niukate ule utepe, ulitaka niende zangu kabisa, au ulitaka nifike tu?

Mwanzoni mwa miaka ya themanini ulikuwa ukiuza mahindi sokoni Kongowea. Kazi yangu ilikuwa kufunga utepe wa leso nyekundu mdomoni mwa kila gunia la kwenda Malindi. Hamali hakuhitaji kusoma. Aliuona utepe, akalipeleka gunia kwenye lori la Malindi. Likishaingia, mpakizi aliukata utepe na kuutupa. Siku moja nikasahau gunia moja. Likabaki uani, likanyeshewa, mahindi yakachipua.

“Hongera, bibi shamba!” ukanicheka. “Umenilimia ndani ya gunia!”

“Nisamehe, Mama.”

“Nikusamehe nini? Lete kinu. Tutakunywa uji wa kimea mpaka utukinai.”

Chuo kikuu nilijifunza kilichoutia utamu uji ule. Punje inapoota, seli zilizo chini ya ganda hutengeneza protini ya kumeng’enya wanga uwe sukari. Mwanzoni mwa protini hiyo pana kipande kifupi kinachoielekeza kwenye mlango wa njia ya kutokea. Ikishapenya, kipande hukatwa, nayo huendelea hadi nje ya seli. Bila kipande hicho, hubaki ndani. Niliwahi kukiondoa mwenyewe maabarani, nikaiona imebaki, nikalikumbuka gunia letu. Sikuwa na mtu wa kumsimulia.

Siku ya safari yangu ya chuo ulifunga utepe wa leso ile ile kwenye kishikio cha begi langu. “Ukifika ukate, mwanangu. Usitembee nao.”

“Inshallah, Mama.”

Niliukata siku ile ile. Likizo zikapita, sikuja. Nilipofika nyumbani Kisauni hatimaye, ulikuwa umezikwa tangu jana yake alasiri.

Nimejaribu kuhitimisha kwamba ulinitoa kama ulivyotoa magunia, yaende yasirudi. Hitimisho hilo hunipunguzia lawama, ndiyo maana siliamini. Protini haina mama anayeisubiri. Na sandukuni mwako nilikuta tepe mbili za leso ile, zimekunjwa vizuri, ilhali biashara ulikwisha kuiacha. Ulizikata kwa ajili ya safari zangu nyingine, kila nitakapokuja likizo na kuondoka tena? Au zilisalia tu? Sijui, Mama. Aliyejua ni wewe, nami nilipoweza kukuuliza sikuja.

Pumzika. Tepe zote mbili ninazo, sijazifunga popote.

Mwanao,
bibi shamba wako