Chakula cha Kulipia Kabla, na Mama Mezani

Darsait, Maskati
18 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Shariffa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima hapo Unguja, wewe na Saeed na watoto, na kwamba goti la Mama Rahila limepata nafuu tangu aanze kukandwa. Sisi hatujambo, alhamdulillah. Baridi ya mwaka huu tamu, viyoyozi tumevizima vyote, na Mama anaota jua kibarazani kila asubuhi.

Umeniuliza kuhusu ile hoteli ya bustani ya michezo kule Imarati tuliyokwenda mwezi uliopita. Unataka kumpeleka Mama Rahila na watoto wakati wa likizo, na hujui kama inafaa kulipia chakula chote kabla ya kufika. Niwie radhi, jawabu langu refu kidogo.

Unamjua mama yangu. Tangu tuko wadogo Bi Kheiria hali mpaka sote tumeshiba, na akila, anakula kasimama jikoni. Safarini ndiyo zaidi. Akishaiona karatasi ya bei mkahawani, njaa yote inamwisha. Mwaka jana Salala alijidunga sindano yake ya sukari, tukaingia kula, akasema chai ya asubuhi bado imemjaa. Nikamwamini. Haikupita nusu saa sukari ikamshuka, akalegea garini, jasho linamtiririka, jina langu halijui. Shemeji yako Hamdan alisimamisha gari akakimbilia duka la njiani kuleta juisi ya machungwa. Mama alipoinywa akazinduka.

Ndiyo maana safari hii nililipia chakula kabla hatujatoka nyumbani. Hamdan hakupendezewa.

"Chakula hujakiona wala hujakionja, ushakilipia?"

Nikamwambia silipii chakula, nalipia Mama ale.

Tulipofika, kila mtu alivishwa kibangili mkononi. Ukikionyesha mlangoni, unaingia kula unachotaka, mara utakazo. Shariffa, usingeamini zile meza! Samaki wa kuchoma, kuku, wali wa kila namna, matunda yamekatwa kama maua. Mwanangu Maan alijaza sahani mbili. Mama akarudi na kipande cha mkate na chai.

Raghad akamwambia, "Bibi, ukila usile, pesa ni ile ile."

"Nnajua, mwanangu. Nimeshiba tu."

Nikaitazama saa, maana chumbani nilishamwona akijidunga sindano.

Karibu yetu alikuwapo mhudumu akiondoa sahani, mwanamke wa makamo wa Malindi. Alifurahi kusikia Kiswahili, akasogea kutuamkia. Akauona ule mkate.

"Mama, mbona huli? Vyote hivyo, ikifika saa nne twavimwaga."

"Mnavimwaga?"

"Twavimwaga, mama. Hata sisi haturuhusiwi kubeba."

Mama akageuka akazitazama zile sinia, moja moja. "Astaghfirullah," akasema, akainuka.

Alirudi na samaki, wali na mboga, akaketi, akala chakula kikiwa cha moto. Hamdan alifungua mdomo kusema neno, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Sikutaka litoke neno lolote. Nilikuwa namtazama Mama anavyochambua miba taratibu, kama mtu asiye na la kukimbilia, na chakula changu mwenyewe kikapoa mbele yangu.

Sitakuficha na ubaya wake. Pesa za chakula cha mchana tulizitupa bure. Ndani ya bustani ni vibanda vichache tu vinavyokubali kibangili, foleni ndefu, na Maan akishashuka kwenye yale mabembea hata maji hayataki. Aiskrimu unalipa mbali. Biriani yao nayo, Mungu anisamehe, ni wali wa manjano. Kwa hivyo chukua asubuhi na usiku tu, mchana nunueni mnachokitaka. Lakini wale watu nawasifu: meza safi, hakuna anayekuhesabia sahani, na yule dada wa Malindi kila tukiingia alikuja kumwonyesha Mama vyakula visivyo na sukari.

Siku ya tatu asubuhi tulikuwa bado tumelala, mlango ukagongwa. Nikafungua. Mama huyo, abaya kavaa, mtandio kishaufunga, mkoba mkononi.

"Amkeni basi. Mie nna njaa."

Nna miaka arobaini na mbili, Shariffa. Sijapata kulisikia neno hilo kinywani mwa mama yangu. Niliingia chooni nikafungua maji ya bomba, nikalia kidogo, kisha nikatoka tukaenda kula.

Hamdan anakusalimu, na siku hizi anawaambia watu kazini kwamba fikra ya kulipia kabla ilikuwa yake. Raghad na Maan wanawasalimu wenzao, hasa Ibtihal. Mbusu Mama Rahila mikono yote miwili kwa niaba yangu. Mola awape safari ya salama na awarudishe na afya zenu.

Mama yupo hapa ubavuni, kanisomesha barua yote kwa sauti. Ya kwake hakuyakanusha. Amesema tu nikuandikie kwamba yeye na mdogo wake, mama yako Rahila, wamelelewa jiko moja, kwa hivyo naye akikwambia ameshiba, usisikilize. Mlipie.

Ni mimi dadako nikupendaye daima,
Zakiya