Machakos Upande Gani?

Jumamosi, 12 Julai. Baridi, na manyunyu tangu asubuhi.

Leo naandika yote. Hata yale ninayoyaruka Mama akipiga simu kutoka Saudia, kwa sababu simu ni ya haraka na mimi husema "niko sawa" kabla sijafikiria.

Siko sawa sana. Nimetoka kupika kanisani, nywele zinanuka moshi, na nyumba iko kimya. Anti yuko kazini hadi kesho. Nimekaa kwenye kochi ambalo usiku ndilo kitanda changu.

Kila Jumamosi tunawapikia watu wanaolala nje, katika ukumbi wa kanisa hapa mtaani Mbotela, Nairobi. Msimu huu wa baridi tunawatandikia magodoro pia. Wauza nyama wa soko la Burma hutuletea mifupa ya supu, akina mama wanapika, mimi napakua. Mama Njeri, anayetuongoza, alinikataza jambo moja tu: "Hapa hatuulizi mtu kwenu ni wapi. Mpe chakula, mwite kwa jina lake, basi."

Leo nimeuliza.

Kuna mgeni wetu (ndivyo tunavyowaita, wageni) anayeitwa Mama Sabina. Huja, hula amesimama, huenda zake. Hajawahi kukubali godoro. Hulala kwenye kibaraza cha duka karibu na Barabara ya Jogoo, na wiki hii anakohoa mpaka anashika ukuta. Nilitaka sana alale ndani. Nilimtandikia karibu na mlango, asijione amefungiwa.

Foleni ilikuwa na vicheko. Mzee mmoja alichungulia sahani yake akaniambia, "Siste, hii nyama imeoga tu kwa sufuria ikatoka?" Nikacheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichonilegeza ulimi. Mama Sabina alipofika akanishukuru, nikasikia anatamka maneno vile Mama anavyoyatamka. Nikatamani awe mtu wangu. Ikanitoka, kwa adabu zote nilizofundishwa:

"Mama, kwenu ni wapi?"

Akaweka sahani chini. Mama Njeri akageuka kutoka kwenye jiko, akanitazama.

Nilijua nimemfukuza. Kwenye baridi hii, na kikohozi kile.

"Anza wewe," Mama Sabina akasema. "Kwenu ni wapi?"

"Machakos," nikajibu upesi.

"Machakos upande gani?"

Kila mtu Nairobi huuliza hivyo, na kila mtu ana jibu. Hutaja soko, au mto, au shule iliyo karibu na boma lao. Mimi nilisimama tu, upawa ukidondosha supu kwenye viatu vyangu. Huwa nasema Machakos kwa sababu Mama husema Machakos. Sijawahi kupelekwa.

Nikamwambia hivyo hivyo.

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe na wewe! Mtoto wa Machakos ya kusikia!" Akaokota sahani yake, akaenda nayo mlangoni, akaketi juu ya godoro.

Juu ya godoro!

Nilipokuwa nikitoka alikuwa amevua viatu na kuvipanga vizuri kando yake, kama mtu aliye kwake. "Ukijua upande, Jumamosi uniambie," akasema. "Halafu na mimi nitakuambia kwetu."

Nimetembea mpaka hapa nikifikiria viatu vile. Mimi vyangu huviweka chini ya meza, visimzuie Anti kupita.

Mama, najua unasoma blogu hii siku ambazo tajiri wako anakuachia simu. Sikuulizi utarudi lini. Swali hilo huwa linakufanya unyamaze, halafu laini inakatika, na mimi sijui kama ni laini kweli.

Nakuuliza hili dogo, na tafadhali unijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu kuna mtu ananingojea nalo.

Ni Machakos upande gani?